Penye Njia Pana Nia

Mwaka 2025 wanafunzi wa Gredi ya 9 kote Kenya walitakiwa kuchagua mkondo wa masomo ya sekondari ya juu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wengi wao walikuwa na miaka 14 au 15. Huku Eastlands ya Nairobi, kuanzia Jericho na Buruburu hadi Kayole na Dandora, swali hilo liliingia katika vyumba ambamo mtoto hufanyia hesabu juu ya kitanda huku mama akisonga ugali hatua mbili kutoka hapo. Wazazi wakaanza kuulizana kwenye ngazi za ploti: huyu wako ana kipawa gani?

Swali ni zuri. Ninachokipinga ni dhana iliyojificha ndani yake, kwamba wito wa mtu umekamilika moyoni mwake tangu azaliwe, na kazi iliyobaki ni kuuchimbua. Dhana hiyo tunaisikia kanisani, shuleni na hata matangani, marehemu anaposifiwa kwamba alizaliwa mwalimu. Mimi naamini wito huzaliwa mtu anapokutana na kazi fulani, mbele ya watu wenye haja fulani. Wahenga walinena penye nia pana njia. Lakini ukiitazama historia ya mitaa hii, utaona kwamba mara nyingi njia ilitangulia, nia ikafuata.

Mitaa ya mwanzo ya Eastlands ilijengwa juu ya jibu la swali hili la nani anafaa kazi gani, na wakaaji hawakushirikishwa kulitoa. Serikali ya kikoloni iliamua kwamba Mwafrika yumo Nairobi kwa ajili ya kazi ya mikono tu, na asiye na kazi hana haki ya kukaa mjini. Kuanzia mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, hati iliyotaja mwajiri wake na mshahara wake, akakining'iniza shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Nyumba nazo zilifuata hesabu hiyo hiyo: Muthurwa kwa wafanyakazi wa reli, na kwingineko vyumba vya mwanamume asiye na familia, kana kwamba mke na watoto wake si sehemu ya maisha yake. Huko Ulaya, katika karne ya 16, Martin Luther alikuwa amefundisha kwamba wito si wa watawa na mapadri peke yao, kwamba mshona viatu naye humtumikia Mungu kwa kazi yake. Fundisho hilo lilimpa mfanyakazi heshima, lakini lilimwambia pia abaki pale alipowekwa. Mkoloni alituletea nusu ya pili, ile ya kwanza akaiacha kwao.

Katika Nairobi hiyo ndipo Tom Mboya alipoanzia kazi. Alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge huko Kilimambogo, akasoma hadi shule ya Mang'u, na karo ilipokosekana akaenda kusomea ukaguzi wa afya kwa sababu mafunzo hayo hayakuhitaji pesa za babake. Baraza la jiji likamwajiri, na kupima maziwa kukawa sehemu ya kazi yake. Hakuna aliyewahi kuota akiwa mtoto kwamba atakuwa mpima maziwa wa baraza la jiji. Hata hivyo, kazi hiyo ndiyo iliyomwonyesha mambo. Alilipwa sehemu ndogo tu ya alichopata Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Alisimulia baadaye kwamba siku moja mwanamke Mzungu aliingia maabara na chupa ya maziwa, akatazama huku na huku, akauliza kama kuna mtu, ilhali Mboya amesimama mbele yake.

Tufikirie jambo hili kwa makini. Kama wito wa Mboya ungekuwa siasa na ungekuwa umejificha ndani yake tangu Kilimambogo, basi kupima maziwa kungekuwa kupoteza wakati. Naona kinyume chake. Alichaguliwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi Waafrika wa jiji kwa kuwa wenzake walimwona akiweza kusema walichoshindwa kusema wao. Mwaka 1952 chama hicho kikageuka kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Mwaka 1959 alikuwa akipeleka vijana 81 kwenda kusoma Marekani kwa ndege. Wito wake ulitoka mikononi mwa wenzake kabla haujafika moyoni mwake. Wao ndio waliomtambua, naye akakubali.

Ukitaka kuliona jambo hilo leo, nenda kwa mafundi bati wa Kamukunji mwezi wa Januari, wazazi wanapotafuta masanduku ya bati ya watoto wa bweni. Mwanagenzi huanza kwa kunyoosha mabati ya mapipa makuukuu juu ya kipande cha chuma cha reli, kutwa nzima, masikio yakivuma. Mkono ukizoea hupewa pembe za kukunja. Kijana mmoja niliyemtazama alimaliza pembe ya sanduku, akaipitishia kidole gumba, akaigeuza na kuipiga upya. Pembe hiyo ilikuwa ya ndani, na rangi ingeifunika. Mnunuzi asingeijua kamwe. Nilimuuliza sababu. "Imekaa vibaya," alinijibu, akaendelea kugonga. Alifika hapo kwa kuwa karo ilikosekana na mjomba wake ana kibanda. Hakuchagua bati. Lakini siku ile alikuwa na jambo ambalo wengi wenye shahada wanalitafuta, yaani kuumizwa na kosa ambalo hakuna mwingine anayeliona. Nikiulizwa dalili ya wito, sina nyingine ninayoiamini zaidi ya hiyo.

Si kwamba kila mtu hujikuta palipo pake. Huko Korogocho, jirani na jaa la Dandora lililotangazwa kujaa mwaka 2001 na ambalo bado linapokea taka za jiji, watoto wa Ghetto Classics, mradi ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge, hupiga fidla na cello. Kabla ya ala hizo kufika, kipawa cha cello kilikuwa wapi katika mtoto wa Korogocho? Hakikuwapo popote, na hakuna ambaye angemlaumu mtoto huyo kwa kutokigundua. Mtu hatamani asichowahi kukiona wala kukisikia. Ndiyo maana nasikitika mtoto anapokabidhiwa fomu ya mikondo mitatu akiwa hajawahi kuingia maabara yenye vifaa wala kushika brashi ya rangi.

Nakubali kwamba mazingira peke yake hayatoshi. McDonald Mariga na Victor Wanyama walikulia Muthurwa, wana wa Noah Wanyama aliyechezea AFC Leopards. Vumbi lile walilikanyaga na watoto wengine wengi, lakini ni Victor aliyekuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, mwaka 2013. Kuna moyo ambao mtu huuleta mwenyewe. Ila moyo huo bila mpira ungebaki hauna jina.

Lipo jambo moja linaloniudhi. Neno hili, wito, hutumiwa kuwanyamazisha watu. Ualimu ni wito, huambiwa mwalimu anapodai nyongeza. Madaktari walipogoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wapo waliosema wameusahau wito wao. Muuguzi anayepokea watoto usiku kucha katika hospitali ya Pumwani hulipa kodi ya nyumba kama jirani yake. Kuipenda kazi si kibali cha kumpunja anayeipenda. Tena wapo wengi ambao mshahara wao uko mahali pengine na wito wao pengine: mmoja anaamka saa kumi alfajiri kwenda Industrial Area kupakia magunia, na jioni anafundisha watoto wa Kayole kandanda bila kulipwa hata shilingi. Maisha ya mtu huyo hayana upungufu wowote, na ni makosa kumwambia bado hajajipata.

Kwa hiyo wewe mzazi wa Umoja au Mathare, kabla mwanao hajafika Gredi ya 9, mpeleke akaone kazi zikifanywa: kwa fundi, kwa muuguzi, kwa mpiga ala, kwa seremala wa Gikomba. Nawe fundi, mtoto akisimama mlangoni pa karakana yako akitazama, usimfukuze. Mpe nyundo.