Ajali Haina Kinga: Kauli ya Nani?

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Methali hii hutamkwa chombo kinapozama au nyumba inapoungua, na aghalabu humpoza aliyefikwa. Lakini kila kauli ina mwenyewe. Neno lililo dawa kinywani mwa aliyeumia huweza kuwa ngao mkononi mwa aliyeumiza, na hapo ndipo swali la dhima linapozaliwa: hasara isiyo na mkosaji wa dhahiri ibebwe na nani?

Swali hili kubwa hujidhihirisha katika jambo dogo. Mwaka 1937, mjini Oklahoma City nchini Marekani, mfanyabiashara Sylvan Goldman aliwaletea wateja wa maduka yake toroli la kununulia bidhaa: fremu mfano wa kiti cha kukunja, iliyotiwa magurudumu na vikapu viwili vya waya. Sababu yake haikufichika. Mwenye kikapu mkononi huacha kununua kikapu kinapomlemea. Asukumaye toroli halemewi upesi. Tangu kuzaliwa kwake, basi, toroli lilikuwa chombo cha faida ya mwenye duka, ijapokuwa lilimfaa na mteja.

Toroli hilo halikukomea mlangoni. Mteja hulisukuma hadi kwenye maegesho ya magari, hupakia vitu vyake, huliacha kando na kwenda zake. Upepo huvuma, ardhi ina mteremko, na toroli tupu huanza safari bila ya nahodha mpaka ligonge gari la mtu mwengine. Mlango hubonyea, rangi huchubuka. Mwenye gari akirudi hamkuti mtu. Hukuta toroli la duka, na ukutani kibao kisemacho kwamba duka halina dhamana ya hasara yoyote itakayotokea hapo.

Sheria za Marekani hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, lakini kwa jumla hazimwajibishi mwenye duka kwa sababu tu toroli ni lake. Mdai hutakiwa athibitishe uzembe: kwamba wenye duka waliujua mteremko ule, au waliyaacha matoroli yazagae siku ya upepo mkali, au mfanyakazi wao ndiye aliyelisukuma. Na uzembe ukithibitika, kibao peke yake aghalabu hakiufuti. Chimbuko la fikra hii ni sheria ya Kiingereza, iliyofika hata pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1932, katika shauri la Donoghue na Stevenson, Lord Atkin alieleza kwamba jirani wa mtu kisheria ni yule anayepasa kufikiriwa kabla ya kutenda, kwa kuwa kitendo chaweza kumgusa. Mwenye gari lililoegeshwa ni jirani wa namna hiyo. Nayo Majalla, mkusanyo wa sheria za dola ya Uthmania uliokamilika mwaka 1876, ilifunza kwamba afaidiye kitu ndiye abebaye na gharama yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hata hivyo, mwenye duka naye ana hoja. Hakulisukuma yeye, wala hakuuamrisha upepo. Akilipa kila mbonyeo, bei zitapanda, na mwadilifu aliyelirudisha toroli atamlipia mvivu aliyeliacha. Tena dhamiri ya mvivu italala usingizi, ikijua kuwa duka litalipa. Hoja hii ina uzito. Dhima ya kwanza ni ya mkono ulioliachia toroli. Na aliyeliona likigonga gari, kisha akaondoka bila ya kuacha hata kikaratasi chenye jina lake, ameigeuza ajali kuwa dhuluma.

Lakini mkono huo usipoonekana, hubaki watu wawili: mwenye gari, ambaye hakutenda lolote ila kuegesha palipoelekezwa, na mwenye duka, aliyekuwa na uwezo wa kuzuia. Uwezo huo si ndoto. Kwenye maduka ya Aldi, toroli hufungwa kwa kufuli dogo linalofunguka kwa sarafu, na sarafu hairudi mpaka toroli lirudishwe. Wengine hujenga uzio wa kuyakusanyia, au humweka mtu wa kuyarejesha. Sarafu moja imekuwa kinga ya ajali isemwayo haina kinga.

Waliosafiri baharini wanaijua sheria kongwe ya shehena: mali ya mmoja ikitoswa ili chombo kiokoke, wenye mali wote huichangia hasara yake. Hawaulizani ni nani aliyeuleta upepo, bali ni nani waliofaidika chombo kilipofika salama. Duka nalo ni chombo chenye abiria wengi. Gharama ya mlango mmoja, ikitawanywa katika bei za bidhaa zote, haihisiki. Ikiachwa juu ya mtu mmoja, yaweza kumla mshahara wake.

Haifuati kwamba duka lilipe kila mkwaruzo. Yafuata kwamba duka lisilojenga uzio, lisilokusanya matoroli yake, na lililotosheka kutundika kibao, halina haki ya kuitamka methali ile. Mwenye gari aweza kuitamka, akipenda kusamehe. Mwenye duka na aanze kwa kuonyesha kinga aliyoiweka.