Mtoto Akikataa Chakula, Wazazi Wasigawanyike



Katika Injili ya Marko, sura ya 5, Bwana Yesu anawatoa nje watu waliokuwa wakimlilia binti ya Yairo. Anaingia kwa mtoto pamoja na wanafunzi watatu na wazazi wote wawili. Akiisha kumfufua, anaagiza jambo ambalo wengi wetu tunalipita haraka tukisoma: mtoto apewe chakula. Baba na mama walisikia agizo hilo pamoja.

Sasa tuje nyumbani kwako. Ni saa moja jioni, ugali na sukuma wiki viko mezani, na mtoto wa miaka 3 amefunga mdomo. Mama anambembeleza, kisha anamtisha kwa mwiko. Baba anasema, "Mwache mtoto, mpe chai na mkate." Mama ananyamaza, lakini moyoni anachemka. Usiku mnapogombana, habari ya mtoto imekwisha sahauliwa. Mnagombania nani anaheshimiwa na nani anadharauliwa.

Nayajua haya kwa sababu baba huyo nilikuwa mimi. Kila jioni nilikuja na mandazi na soda, nikajiona mzazi mwema, na mke wangu akabaki kuwa mbaya wa nyumba. Siku moja kijana wetu alimwambia mama yake, "Sili, namngoja Baba." Jioni hiyo mke wangu hakuitikia salamu yangu. Na Jumamosi nilikuwa nikiwafundisha wachumba habari za ndoa!

Mjue kwamba katika mwaka wa kwanza uzito wa mtoto huongezeka karibu mara 3, lakini mwaka wa pili huongeza kama kilo 2 au 3 tu. Hamu yake ikipungua, si lazima iwe ukaidi. Tena chakula kigeni humtisha. Pengine atahitaji kukionja mara 10 au zaidi ndipo akizoee, kwa hiyo mama aliyepika managu mara 2 akakata tamaa bado hajaanza. Chai nayo isiandamane na chakula, maana huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga.

Zungumzeni mtoto akiwa amelala, mkubaliane. Ninyi mwamue chakula gani na saa ngapi. Yeye aachiwe kuamua atakula kiasi gani. Mpakulieni kidogo, aombe tena. Biskuti na soda zisikaribie saa ya kula, hata zikitoka kwa nyanya. Kiboko kisiwepo mezani. Mtume Paulo aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hata wakavunjika moyo. Na wewe baba, kula mboga. Mtoto anakuona ukiisukuma pembeni ya sahani.

Lakini akipungua uzito, akilegea au akivimba miguu, msingoje. Mpelekeni zahanati na kitabu chake cha kliniki.

Kwetu ilichukua miezi. Mke wangu hakusema amenisamehe. Aliniambia tu nimenye viazi. Usiku wa kwanza kijana alilia, akala vijiko viwili vya githeri, akaenda kulala. Niliinuka nimpelekee mkate. Mama watoto akanitazama, nikaketi.