Joto Linaenda Wapi?

Swali langu ni fupi: mtu akinyamaza, tunaweza kusema ana amani?

Huku kambini tunawapenda sana watu wanyamavu. Kijana asiyejibu wakubwa anaitwa mwenye adabu. Mama aliyesimama kwenye foleni toka asubuhi bila kusema neno anaitwa mvumilivu. Bloku isiyoleta kesi ofisini inaandikwa kwenye ripoti kwamba hali ni shwari. Mimi nafanya kazi na vijana, na neno hilo "shwari" nalisikia karibu kila mkutano. Nataka kulijibu swali langu kwa kuzunguka kidogo, nikipitia kwenye kompyuta. Mnivumilie, mtaona mbele kwa nini.

Vijana wa kituo chetu hapa Kakuma wanarekodi sauti za wazee: habari za safari, majina ya vijiji, nyimbo za kulimia. Shida ni feni. Maikrofoni haichagui, inachukua sauti ya mzee na inachukua ile vuuu ya kompyuta, vyote pamoja. Kijana mmoja akaleta hoja: kuna watu duniani wanaopoza kompyuta kwa maji, na wengine wao wanaondoa feni zote kabisa, mashine inakaa kimya kama jiwe. Kwa nini na sisi tusifanye hivyo? Tulibishana wiki mbili, na humo ndimo nilimotoa mawazo haya.

Tuanze na maji. Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta unatoka ukiwa joto. Kompyuta ya mezani ikifanya kazi nzito inaweza kutumia wati 100. Zile za michezo zinaweza kuvuka 400. Kwenye mashine inayopozwa kwa maji, juu ya prosesa kunakaa kipande cha shaba. Maji yanapita ndani yake, yanachukua joto, pampu ndogo inayasukuma kwenye mipira mpaka kwenye rejeta, halafu yanarudi tena. Aliyewahi kuona fundi akifungua boneti ya lori anaelewa habari hii, ni ukubwa tu unaotofautiana.

Wengi wanafikiri maji yanaua joto. Hapana, yanalibeba tu. Chukua jerikani ya lita 20, kile kiasi ambacho UNHCR inalenga kila mtu akipate kwa siku. Ukiyapa maji hayo joto la wati 100, na joto lisipate pa kutokea, yatapanda nyuzi 1 kila dakika 14. Yakianza na nyuzi 30, baada ya saa 7 yatakuwa yamefika 60. Saa hizo zote mashine inafanya kazi kimya, na mtu akipita atasema, "Si mnaona? Imepoa." Kumbe haijapoa hata kidogo, inajaza joto ndani. Na kama badala ya jerikani una lita 1 tu, safari hiyo hiyo ya nyuzi 30 mpaka 60 inachukua dakika 21.

Hapo vijana walinyamaza wenyewe, kwa sababu kila mmoja alimfikiria mtu wake. Kuna mtu aliyezaliwa na moyo wa jerikani, anaweza kubeba mwaka mzima bila kulalamika. Kuna mwenye kikombe, anachemka kabla ya chakula cha mchana. Tunamsifu wa kwanza na kumlaumu wa pili, lakini wote wawili wanapewa joto lile lile na wote hawana pa kulitolea. Tofauti yao ni muda. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na hesabu ya jerikani inatuonyesha mshindo wenyewe unatoka wapi.

Sasa rejeta. Ndiyo inayopoza kwa kweli, kwa sababu ndiyo inayoyatua maji mzigo na kuukabidhi kwa hewa. Feni inaisukuma hewa ipite haraka. Bila feni, hewa lazima ipande yenyewe, kama moshi wa jiko unavyopanda: ya moto inakwenda juu, ya baridi inaingia kwa chini. Jambo hili linawezekana, si hadithi. Miaka ya 2000 kampuni ya Zalman ya Korea Kusini iliuza mnara wa alumini uitwao Reserator, unaokaa nje ya kompyuta, una maji lita 2.5 na pampu ndani, wala hauna feni. Lakini angalia masharti yake. Eneo la kutolea joto liwe kubwa. Vibati vyake viachane, hewa ya polepole ipate njia. Usimame wima, chini wazi na juu wazi. Rejeta ya gari ina vibati vilivyobanana kwa sababu ilitengenezwa ikitegemea upepo wa kusukumwa. Ukiichukua hiyo, ukaondoa feni yake, ukaacha mengine yote kama yalivyokuwa, hujatengeneza mashine tulivu. Umeiziba mdomo tu.

Hili ndilo kosa ninaloliona kati ya watu. Tunataka kelele iondoke, na tunaondoa kelele. Tunamwambia kijana, "Acha maneno mengi," bila kumwongezea mlango hata mmoja: mahali pa kucheza, kazi ya mikono, mtu wa kumsikiliza, karatasi yake kujibiwa. Kisha tunashangaa akilipuka kwa jambo dogo kama kusukumwa bombani.

Kwa masikio tu, mashine inaweza kuwa kimya kwa sababu tatu. Ya kwanza, joto linatoka vizuri. Ya pili, mashine haifanyi kazi yoyote, imezimwa au imekaa bure. Ya tatu, feni imekufa na mashine inaungua. Hiyo ya tatu ina hatua zake: prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia mwendo yenyewe ili isife, na ikishindikana inajizima. Hatua zote hizo haipigi kelele. Aliyesimama mlangoni hawezi kuzitofautisha sababu hizo tatu. Lazima aje karibu, aweke mkono, au asome kipimo cha joto.

Nimewaona vijana wa kimya cha pili na cha tatu. Aliyekuwa anakuja kucheza mpira sasa hatoki nyumbani. Aliyekuwa anauliza maswali darasani sasa anaangalia dirisha. Mtu wa mbali anasema, "Huyu ametulia siku hizi, amekua." Mimi nasema huyo ndiye wa kufuatwa leo leo, kabla ya yule anayepiga kelele getini. Yule wa getini angalau feni yake bado inazunguka.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii. Joto linatoka haraka kadiri kifaa kinavyozidi hewa inayokizunguka. Maji ya nyuzi 50 kwenye chumba cha nyuzi 20 yana tofauti ya 30, yanatoa joto vizuri. Maji hayo hayo huku kwetu, chumba cha bati mchana kikiwa na nyuzi 38, yana tofauti ya 12 tu. Rejeta ile ile, ya kampuni ile ile, itatoa chini ya nusu ya joto. Ili itoe sawa na ile ya kule, maji lazima yafike karibu nyuzi 68, na pampu nyingi za kompyuta hazikutengenezwa kwa maji yanayozidi 60 hivi. Kwa hiyo mwenye mashine isiyo na feni kwenye nchi ya baridi asije akasema yake imetengenezwa kwa ustadi kuliko yetu. Imekaa pazuri tu.

Hapa naongea na ndugu zetu wa mashirika, kwa heshima. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu anayelala pazuri, mwenye hati zake, anayejua mwezi ujao atakuwa wapi, ana haki ya kuwa mpole. Lakini upole wake asiufanye kipimo cha tabia ya mtu aliyesubiri jibu miaka kumi. Pengine yule anayepaza sauti dirishani anatoa joto vizuri kuliko ninyi mngetoa mkiwa mahali pake.

Katika mjadala wetu mmoja alileta dawa rahisi: tupitishe waya ukutani, kompyuta ikae upande wa pili, sisi turekodi kwa raha. Akaulizwa, upande wa pili kuna nani? Kuna chumba cha watoto wa chekechea. Basi kimya chetu kingekuwa kelele yao, na joto letu lingekuwa lao. Joto halifi, linahama. Angalia kiyoyozi chochote: ndani ya ofisi ni baridi na kimya, nje ukutani kuna boksi linalopuliza hewa ya moto, na mara nyingi foleni inapita hapo hapo. Ukifurahia utulivu wako, zunguka nyuma ya ukuta uangalie nani anapulizwa.

Tena wapo wasiohesabiwa. Ukiondoa feni kwenye kompyuta ya maji, prosesa ina maji yake, haina shida. Lakini kandokando kuna vidude vidogo vya kurekebisha umeme ambavyo havina maji juu yake. Vilikuwa vinaishi kwa upepo wa feni iliyowekwa kwa ajili ya wengine. Upepo ukikatika, vinaungua bila mtu kujua. Kwenye foleni pia kuna mama mmoja mwenye mdomo, anayeuliza kwa nguvu kwa nini mizani haijakaa sawa. Wakubwa wanamwona msumbufu. Lakini bibi wa nyuma yake, asiyejua lugha ya ofisi, anapata kilo zake kamili kwa sababu ya mdomo ule. Mkimnyamazisha yule mama, mmezima feni ya watu wengi.

Mtu ataniuliza: kwa hiyo unatetea kelele? Hapana. Feni nyingine inavuma kwa sababu imejaa vumbi tu, na vumbi la Kakuma mnalijua. Ukiisafisha inashusha sauti, joto lile lile. Wapo watu ambao kelele yao ni mazoea, si joto, na inawachosha majirani wanaotaka kulala. Kimya ni kitu kizuri. Bila kimya sauti ya mzee haingii kwenye maikrofoni, na bila kimya hata sala haitoki. Ninachokataa ni kuanza na kimya. Wanaotengeneza mashine zisizo na feni, wale wanaojua kazi yao, hawaanzi kwa kung'oa feni. Wanaanza kwa kupunguza mzigo: prosesa isiyotumia umeme mwingi, kazi isiyo ya lazima inasimamishwa. Halafu wanapanua rejeta. Halafu wanafungua njia ya hewa juu na chini. Feni inatolewa mwishoni, baada ya kupima na kuona haihitajiki.

Huo naona ndio utaratibu wa haki kati ya watu. Unayetaka nitulie, nipunguzie mzigo kwanza, kama unaweza. Kama huwezi, nipanulie mahali pa kuutoa. Ukishindwa vyote viwili, basi vumilia kelele yangu, kwa sababu ndiyo inayonizuia nisiungue.

Na tuwakumbuke walio maji. Katika kila bloku wapo: kiongozi anayegongewa mlango usiku, mama anayesikiliza ndoa za wenzake, na sisi vijana wa kazi ya insentivu tunaobeba habari za wengine mpaka kitandani. Maji yasiyopita kwenye rejeta yanarudi kwenye prosesa yakiwa ya moto, hayasaidii tena. Kila anayesikiliza watu awe na mtu wa kumsikiliza yeye. Si zawadi hiyo, ni sehemu ya mashine.

Kuhusu kompyuta yetu, vijana waliamua bila kununua kitu. Wazee wanakuja saa kumi na mbili asubuhi, hewa ikiwa bado ya baridi. Vumbi linapulizwa kila wiki. Wakati wa kurekodi programu nzito zote zinafungwa, na feni inazunguka polepole mpaka huisikii. Kazi ya kuchanganya sauti inafanywa mchana, feni ikivuma inavyotaka, na hakuna anayeikasirikia.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kimya peke yake hakinipi habari yoyote juu ya amani ya mtu. Mkutano ujao nikisikia tena kwamba bloku fulani ni shwari, nitauliza joto lao linatokea wapi. Na ninyi niulizeni hivyo hivyo, siku mtakaponiona mimi nimenyamaza.