Shosho Bado Ana Masomo

Ukipita Kibera au Kawangware, mabango mengi ya mafunzo yanaita vijana. Ushonaji, kompyuta, biashara. Sisi ndio kesho, wanatuambia. Sasa shosho wa miaka 72 mwenye presha ni nani? Jana?

Swali langu ni hili: tunamfundisha mtu kwa sababu atazalisha, ama kwa sababu ni mtu?

Mwaka wa 2004, Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na miaka 84. Alitaka kujisomea Biblia. Alifariki 2009. Mwenye kuhesabu faida atasema ni hasara.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 57, haisemi tu wazee watunzwe. Inataja pia haki yao ya kujiendeleza. Pesa za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, zinanunua unga. Hazimwelezi shosho kwa nini dawa ya presha humezwa hata siku ambayo kichwa hakiumi. Hilo linataka mwalimu, kwa lugha anayoielewa, karibu na mlango wake.

Utasema pesa ni kidogo, tuanze na vijana. Ningekujibu kwamba shosho ndiye analea wajukuu mama yao akiwa kibaruani. Ni kweli, lakini bado nampima kwa kazi yake. Na yule asiye na mjukuu je?

Mimi niliacha chuo katikati, na watu bado huniambia muda upo. Shosho ameambiwa na nani kwamba wake umeisha?