Lala, Ule, Ndipo Uinuke

Masomo: 1 Wafalme 19:1–8, Kutoka 23:12



Msuli haukui wakati kijana ananyanyua chuma. Wakati ule unachoka, na nyuzi zake ndogo huumia. Ndiyo maana maumivu huja kesho yake au keshokutwa. Kukua huja baadaye, mwili unapoutengeneza upya kwa chakula na usingizi, kazi inayochukua siku moja, mbili au zaidi. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima kufanya mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki. Halisemi kila siku.

Vijana wetu hapa Nyashimo wenye vyuma vya makopo ya zege hupiga kifua na mikono kila jioni, miguu na mgongo wakavisahau, kisha wanashangaa mbona nguvu hazipandi. Wanangu, gawanyeni kazi: siku moja kusukuma na kuvuta, siku nyingine kuchuchumaa na mzigo, katikati mpumzike. Unaponyanyua kitu chini, kunja magoti na nyonga, nyoosha mgongo, mzigo ukae karibu na mwili. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usizungushe kiuno. Chuma usichoweza kukishusha taratibu bado si chako. Kisha kuleni ugali kwa dagaa au choroko, mnywe maziwa, mlale mapema.

Mungu alimtendea Eliya vivyo hivyo. Nabii alikuwa ametoka kwenye ushindi wa Karmeli, akakimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Yezebeli, mke wa Ahabu, alipomtishia, Eliya alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti wa mretemu akiomba afe. Mungu hakumkemea wala hakumhubiria. Alimwacha alale. Malaika akamwamsha, na hapo kichwani palikuwa na mkate wa moto na chombo cha maji. Akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Ndipo akatembea siku 40 mchana na usiku hadi Horebu, na huko akapewa agizo jipya.

Sisi mara nyingi tunauita uchovu upungufu wa imani, tukarundika mkesha juu ya mkesha. Mama anayeamka kabla ya jogoo, akashinda shambani, akarudi kupika na jioni akaja kwaya, akisinzia ibadani msimnyoshee kidole. Huenda anahitaji kupokewa ndoo ya maji kabla ya kuombewa.

Somo la pili linatugusa sisi wenye mashamba na maghala. Pumziko la siku ya saba halikuwekwa kwa ajili ya mwenye mali peke yake. Wametajwa ng'ombe, punda, mtoto wa mjakazi na mgeni. Maksai tunajua kuwahurumia: jua likikaza tunawafungua jembe, tunawapeleka majini. Na kibarua je? Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja ushushwe usizidi kilo 55. Gunia la mahindi ni kilo 100, na likifungwa lumbesa linapita hapo. Kijana anayelipwa kwa gunia hatakwambia kwamba mgongo unamuuma, maana anajua wapo wengine wanaosubiri nafasi yake. Tukimwita tena siku ya saba, tunachuma faida mgongoni mwake, na Bwana anaona.

Wiki hii, mwenye ghala, fungasha magunia madogo, au weka watu wawili kwenye gunia moja, na uwape siku yao ya kupumzika bila kuwatishia kazi. Kijana, iheshimu siku ya kupumzika kama unavyoiheshimu siku ya chuma. Nawe mtumishi uliyechoka, kula, ulale. Safari bado ni ndefu, na aliyekutuma anaijua.

Tuombe: Ee Baba, uliyeiumba miili yetu na kuiwekea kipimo, tufundishe kufanya kazi kwa bidii na kupumzika bila hofu. Utuondolee tamaa inayowanyima wenzetu pumziko ulilowapa. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.