Uliza Kwanza Maji ya Bomba

Mpwa wangu, nimeziona picha ulizonitumia za nyumba unayotaka kupanga. Ghorofa nyeupe, mitende kwenye vyungu, na bwawa la kuogelea linalometameta katikati. Neno langu unalijua kabla sijafungua kinywa, maana nililisema kwa dada zako na kwa kaka yako, wakaitikia "ndiyo mjomba", kisha wakafanya walivyopenda. Nitalisema tena. Mjomba hana kazi nyingine.

Sikukatazi kuogelea. Wewe ni mtoto wa Masinya, hapa kwetu Busia, na kila mlipokwenda ufukweni Majanji mama yako alikuvuta mkono usiingie ziwani kwa kuogopa kichocho. Kutamani maji yasiyo na konokono si dhambi. Ninachouliza ni kimoja: nani anayalipia?

Chukua bwawa dogo tu, mita 10 kwa 5, kina mita moja na nusu. Hilo ni lita 75,000. Nimepiga hesabu kwa jerikeni zetu za lita 20, nikapata 3,750. Na maji hayo hayajitunzi. Pampu inakula umeme, klorini inanunuliwa, kuna kijana wa kuokota majani na kusugua kingo, na jua nalo linachukua fungu lake kila siku. Mwenye nyumba hatoi hayo mfukoni mwake. Yamo kwenye kodi, au yamejificha katika ile ada ya huduma ambayo broka huitaja mwisho, mkiwa mmeshaanza kushuka ngazi.

Tuseme ni Nairobi, na bwawa limeongeza shilingi 10,000 za Kenya kwenye kodi ya mwezi. Kwa mwaka ni 120,000. Ukiogelea kila Jumapili bila kukosa (na wewe hukosi, nakujua, isipokuwa kunaponyesha, au umechoka, au kuna mpira), kila kuzama kumekugharimu zaidi ya 2,300. Hoteli nyingi humo mjini zinampokea mtu wa nje akalipa kiingilio cha siku, akaogelea, akaenda zake, kwa pesa chini ya hiyo. Lakini hoteli huwezi kuiweka kwenye picha ukasema ni kwako. Hapo ndipo penye ugonjwa, nasi tunaujua wote wawili.

Jambo jingine. Nairobi maji ya bomba huja kwa mgao. Mpangaji anaweza kuamka bafu limekauka, akaenda kusimama dirishani akiyatazama maelfu ya lita asiyoruhusiwa kuchota hata kikombe. Kwa hiyo ukifika kukagua nyumba, usianzie kwenye bwawa. Fungua bomba la jikoni, ulisikilize. Uliza matangi ni mangapi, kisima kipo, na maji ya gari yakiletwa anayalipa nani. Usimuulize broka, muulize mama anayeanika nguo.

Sasa mkataba. Sisi wa mpakani mwa Uganda na Kenya tuna bahati ya kuona pande mbili. Huku Uganda, sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba wa shilingi 500,000 na zaidi uandikwe, na kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Inataka pia kodi iwe kwa shilingi, ila mkikubaliana vinginevyo, na hapo ndipo dola huingilia katika majumba ya Kampala yenye mabwawa. Mshahara wako ni wa shilingi. Ukitia saini ya dola, kila mwezi utaamka ukiuliza bei yake kama wale wabadilisha pesa wa Busia. Upande wa Kenya, ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi inamlinda mpangaji wa nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nyumba yenye bwawa haimo humo. Ngao yako ni karatasi uliyotia saini, basi isome.

Najua bado unalitaka. Haya. Tafuta mwenzako wa kazini mwenye tabia, mchukue vyumba viwili mgawane kodi. Tazama pembeni ya Nairobi, Syokimau au Kitengela, ila nauli ya matatu uihesabu kama sehemu ya kodi. Nenda Jumamosi mchana uone kama kuna anayeogelea. Chungulia sakafu ya bwawa: usipoiona chini, hayo si maji ya kuingia mtu. Na ada ya huduma iandikwe kwa tarakimu, pamoja na haki yako bwawa likifungwa miezi mitatu kwa "matengenezo".

Amana usimtumie mtu kwa simu kabla hujasimama ndani ya nyumba hiyo kwa miguu yako. Nakuomba hilo moja tu. Ukishaupata mkataba, nisomee kwanza, hata iwe usiku.