Isnadi ya Picha: Dhamana ya Ukweli katika Kazi ya Televisheni

Habari ya dakika mbili inayorushwa jioni na kituo cha televisheni hupita katika mikono mingi kabla haijamfikia mtazamaji: yumo mwenyeji aliyewaongoza waandishi hadi penye tukio na kuwakalimania, mpigapicha aliyechagua aelekeze kamera wapi na aizime lini, fundi sauti, mhariri wa picha aliyekata saa nzima ya picha ikabaki vipande vichache, mtayarishaji aliyeamua kipi kitangulie, na mtangazaji ambaye sura yake ndiyo pekee inayoonekana. Iwapo habari hiyo itampotosha mtazamaji, ilhali kila mmoja wa watu hawa anaweza kuapa kwamba hakutamka neno la uongo, ni nani basi aliyesema uongo? Swali hili ni la kifalsafa kabla halijawa la kisheria, kwa maana linauliza kama dhamana ya ukweli inaweza kugawanywa baina ya watu hadi fungu la kila mmoja likawa dogo kiasi cha kutohesabika.

Elimu ya hadithi za Mtume, inayosomeshwa katika darsa za misikiti ya Waswahili kama inavyosomeshwa kwingineko katika Uislamu, ilikabiliana na swali la namna hiyo karne nyingi kabla ya kamera. Kila hadithi huwa na sehemu mbili: matini, yaani maneno yenyewe yanayosimuliwa, na isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi walioyapokeza mmoja kwa mwingine hadi yakaandikwa. Maimamu kama Bukhari, aliyefariki mwaka 870, na Muslim, aliyefariki mwaka 875, hawakutosheka na uzuri wa matini, bali walimchunguza kila mpokezi kwa sifa mbili, ambazo ni uadilifu, yaani kuaminika kwake katika dini na mwenendo, na dhabti, yaani uwezo wake wa kuhifadhi alichosikia bila kukibadilisha. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba dhamana haikugawanywa kwa idadi ya wapokezi: wakiwa watano, kila mmoja alibebeshwa dhamana nzima, na mmoja akiwa dhaifu, udhaifu wake uliiangusha daraja ya hadithi yote.

Televisheni imefanya kinyume, kwani humpa mtazamaji matini na kumficha isnadi. Picha za njaa ya Ethiopia zilizorushwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984 ziliutikisa ulimwengu kwa sauti ya mwandishi Michael Buerk, lakini jicho lililoziona lilikuwa la Mohamed Amin, mpigapicha Mkenya aliyezaliwa Nairobi na kuanzisha kampuni yake ya Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963. Jina la Amin angalau lilikuja kujulikana. John Mathai, fundi sauti wake, aliuawa mwaka 1991 katika mlipuko wa ghala la silaha jijini Addis Ababa, mlipuko uleule uliomkata Amin mkono, na ni watazamaji wachache mno waliopata kujua kwamba sauti za vita walizozisikia majumbani mwao zilipokelewa kwanza na masikio ya mtu huyo. Hasara hapa si ya heshima peke yake. Mpokezi asiyejulikana hawezi kusifiwa kwa uaminifu wake wala kuulizwa juu ya upungufu wake, naye mwenyewe huzoea kujiona kama chombo, na chombo hakina dhamiri.

Katika mazoea hayo ndipo inapoota aibu ambayo wanazuoni wa hadithi waliiita tadlisi. Tadlisi ni pale mpokezi anapomtaja shekhe aliyekutana naye kweli, akasimulia kutoka kwake jambo ambalo hakulisikia kwake, kwa tamko linalomfanya msikilizaji adhani amelisikia, huku mtu wa kati akifichwa. Hakuna neno moja la uongo lililotamkwa, na bado msikilizaji amedanganywa. Mhariri wa picha anayeweka mafuriko ya mwaka uliopita juu ya habari ya mvua ya leo, bila kuandika kwamba ni picha za maktaba, ametenda jambo hilohilo. Uwezo wa kutenda hivyo umo katika asili ya fani yenyewe, kwani Lev Kuleshov, mwongozaji wa filamu wa Urusi, alionyesha miaka michache baada ya mapinduzi ya 1917 kwamba uso uleule wa mwigizaji, ukiunganishwa na sahani ya supu, husomwa kuwa na njaa, na ukiunganishwa na jeneza, husomwa kuwa na huzuni. Kukata ni kusema. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, aliwapanga wenye tadlisi katika tabaka tano, kuanzia wale walioifanya kwa nadra, na upangaji huo una hekima, kwa kuwa mwandishi anayerekodi upya swali lake baada ya mahojiano kwisha hawezi kuhukumiwa sawa na anayehamisha makofi ya mkutano mmoja kuyapeleka kwenye mwingine.

Huenda ikasemwa kwamba mlinganisho huu unamwonea mfanyakazi wa televisheni, ambaye ana mwajiri, ana saa ya kurusha habari isiyosubiri, na ana watoto wanaongoja ada ya shule. Hoja hii ni nzito, lakini si ngeni. Wanazuoni walijadili sana kama mpokezi anayelipwa kwa kusimulia hadithi akubaliwe, na wapo waliomkataa, akiwemo Ahmad ibn Hanbal. Hata hivyo Abu Nuaym al-Fadhl ibn Dukayn wa mji wa Kufa, aliyekuwa na watu wengi wa kulisha, alipokea malipo, naye akabaki miongoni mwa masheikh ambao Bukhari aliwategemea. Ujira, basi, haukuuharibu ushahidi wenyewe. Kilichoangaliwa ni kama malipo yalimfanya mtu aongeze au apunguze katika alichopokea, na kipimo hicho kinamfaa mfanyakazi wa chumba cha uhariri leo, ambaye anaweza kumtii mkuu wake katika urefu wa habari na mpangilio wake bila kulazimika kumtii katika kuificha asili ya picha.

Linabaki suala la mfanyakazi anayejua tadlisi ya mwenzake na kunyamaza, mara nyingi kwa kuamini kwamba kusema ni usengenyaji, ambao dini imeukataza waziwazi. Wanazuoni wa elimu iitwayo jarhi na taadili, yaani kutaja kasoro za wapokezi na kuthibitisha uaminifu wao, walilijibu suala hili kwa kuitoa kazi yao katika katazo la usengenyaji, wakiihesabu kuwa nasaha ya lazima kwa umma, ila kwa sharti kwamba kasoro itajwe kwa kadiri ya haja, na aibu za mtu zisizogusa upokezi wake ziachwe.